Kitufe Chenye Tone la Rangi ya Kucha

Jumapili ya kwanza ambayo Shemeji hakuja kazini, Kidole alimwekea kiti chake kama kawaida. Kilikuwa kiti cha mbao kisicho na egemeo la mikono, maana egemeo humzuia mpiga gitaa, na alikiweka kushoto kwa kinanda, karibu kabisa, mahali ambapo watu wawili wanaweza kunong'onezana huku wanapiga. Akachomeka waya wa spika ya besi, akawasha. Spika ikanguruma kidogo kama mtu anayesafisha koo, ikanyamaza, ikabaki inangoja.

Bustani ya hoteli ilikuwa inajaa. Hoteli yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya ghorofa moja, nyuma ya kituo cha mabasi, lakini Jumapili mchana watu walikuja na familia zao kufuata kivuli na muziki. Saa saba kamili muziki ulitakiwa uanze. Kidole akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mhudumu mmoja, mwanamama mwenye mdomo usio na breki, akapita na trei ya soda.

"Leo mmekuja nusu?"

"Mwenzangu yuko njiani."

"Anatembea kwa magoti? Bosi ameshaniuliza mara mbili."

Saa saba na robo, Kidole akabonyeza kitufe chenye tone la rangi ya kucha. Kitaa chake kikawaka, na mashine ikaanza kupiga besi yenyewe. Alipiga hivyo saa tatu nzima. Watu wakala, wakacheka, watoto wakakimbizana katikati ya meza, bwana mmoja mnene akaja kumpa mkono na kumwambia muziki wa leo umetulia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mwenye gitaa la besi yuko wapi. Jioni Kidole alikunja nyaya zote mbili, akabeba spika zote mbili, na kile kiti akakirudisha jikoni walikokiazima.

Jina la Kidole alipewa na huyohuyo Shemeji, miaka kumi na minane nyuma, siku alipoleta nyumbani kinanda hikihiki. Vinanda vya aina hii vina bendi nzima tumboni. Mkono wa kushoto unabana kordi, yaani zile noti tatu nne zinazoshikwa pamoja ili wimbo upate pa kusimama. Mashine ikishaisoma kordi yako inatandaza ngoma, gitaa na besi juu yake, mpaka mpita njia akadhani ndani mko watu sita. Na kwa mvivu kuna njia ya mkato: unabonyeza noti moja tu, zilizobaki mashine inamalizia. Kidole aliipenda njia hiyo kupita kiasi.

"Hebu nionyeshe," Shemeji alisema siku ile. Alikuwa fundi makochi, kakaa sakafuni kazungukwa na vipande vya sponji, nyundo yake ndogo mkononi. "Unabonyeza kidole kimoja, halafu?"

"Halafu bendi inapiga."

"Na hivyo vingine tisa umekuja navyo vya nini? Vya kulia?"

Dada yake Kidole, ambaye ndiye mke wa Shemeji, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine, hata kule dukani alikokuwa akitoa fotokopi na kupiga vitabu jalada.

Shemeji alikuwa amepiga besi kwenye bendi ujanani. Bendi ikavunjika, kila mtu akashika njia yake, yeye akabaki na gitaa limetundikwa msumarini juu ya kabati. Aliposikia besi ya kinanda siku ile alilala chali sakafuni, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Kisha akasema, "Izime hiyo besi."

"Mbona iko sawa?"

"Iko sawa kama godoro jipya. Haijalaliwa na mtu."

Akaliteremsha gitaa.

Ndivyo walivyoanza. Ndani ya kinanda kila chombo kina kitufe chake, na unaweza kuzima kimoja ukaacha vingine. Kidole alizima besi ya mashine, Shemeji akapiga ya kwake. Mwanzoni Kidole alikuwa akisahau, au kidole kinateleza, besi mbili zinagongana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anataka kupita kwanza. Siku moja dada akachoka na ugomvi wao. Akaingia chumbani, akatoka na kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, akadondosha tone juu ya kitufe.

"Hapa usiguse," akamwambia mdogo wake. "Hapa pana mwenyewe."

Mtu asiyejua muziki angedhani Kidole ndiye alikuwa kiongozi na Shemeji msindikizaji. Kidole mwenyewe alidhani hivyo kwa miaka. Lakini kinanda ni mtumwa mwaminifu kupindukia: ukibana kordi isiyo yake, kinakosea pamoja nawe kwa moyo mkunjufu, tena kwa vyombo vyote. Na Kidole alikuwa anakosea sana. Shemeji alikuwa halikimbilii kosa. Alikuwa anasubiri kidogo, unywele mmoja tu baada ya ngoma, aone shemeji yake ameangukia wapi, ndipo na yeye ashuke, labda si kwenye noti ileile, labda ya jirani, na lile kosa likageuka kuwa kitu kilichokusudiwa. Wasikilizaji wakapiga makofi. Shemeji akainama upande wa kulia.

"Ulikuwa unaenda wapi pale?"

"Hata sijui."

"Nami niliona. Nikasema, tumsindikize tu hukohuko."

Kila Jumapili walifunga kazi kwa wimbo mmoja ambao Shemeji aliutunga mwenyewe. Haukuwa na maneno wala jina. Waliuita wimbo wa kufungia. Katikati yake besi ilibaki karibu peke yake, inashuka ngazi moja moja, na juu kinanda kinaimba kwa mkono wa kulia sauti ndogo kama ya mtu anayefua nguo huku anawaza. Mkewe aliujua. Binti yao aliujua tangu yuko mgongoni.

Mwaka huo wa mwisho, besi ikaanza kuchelewa.

Unywele mmoja Kidole alikuwa ameuzoea. Sasa ilikuwa zaidi. Ngoma inaanguka, kordi inaanguka, halafu besi inakuja kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Noti nyingine hazikuja kabisa. Kidole alimtazama kwa pembe ya jicho, akamwona anaangalia vidole vyake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akajiambia mzee ameanza uvivu, au usiku anakesha na makochi ya watu. Bosi wa hoteli naye akaja akachomeka sumu yake: "Huyu mwenzako siku hizi anasinzia?" Kidole akacheka, akakata maneno. Lakini lilimkaa.

Angeweza kuuliza. Walikuwa watu wa kutaniana kutwa, wangeweza kutukanana mbele ya mkwe na hakuna wa kununa. Ila jambo lile halikuwa la utani, na lugha nyingine wao wawili hawakuwa nayo.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mgeni. Binti alimleta kijana aliyetaka kumwoa, apate kumsikia baba akipiga. Waliketi meza ya mbele. Shemeji alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, na kabla ya kuanza alisugua viganja vyake kwa muda mrefu, kama mtu wa nchi ya baridi.

"Unaomba dua?" Kidole akamtania.

"Naviamsha. Vimelala, hivi vyangu. Si kama chako kimoja kinachofanya kazi kwa niaba ya ukoo mzima."

Wimbo wa kwanza ulipita kwa shida. Wa pili, Shemeji alijikwaa mwanzoni, akajikwaa tena kwenye kiitikio. Yule kijana mgeni akatazama chini kwenye sahani yake, kwa adabu. Kidole akaliona lile jicho likishuka. Aibu ikampanda, aibu ya mtu mwingine, na mkono wake wa kulia ukaruka ukabonyeza kitufe chekundu. Besi ya mashine ikaingia, safi, kwa wakati wake, nene. Kidole hakugeuza shingo. Alitazama mbele kama dereva.

Alitaka kumsaidia. Hilo amejiambia mara nyingi, na ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba alipoisikia ile besi safi, alipata nafuu.

Shemeji alichelewa kidogo kuelewa. Alipiga noti tatu nne juu ya zile za mashine, akasikia mgongano, akakitazama kinanda, akaona kitaa kinawaka chini ya tone la rangi. Kidole alimwona kwa pembe ya jicho. Hakukunja uso, hakusimama. Alishusha tu mkono kwenye gitaa lake, akazungusha kirungu cha sauti taratibu mpaka mwisho, kikagota kwenye sifuri. Halafu akaendelea kupiga. Kwa muda wa saa mbili na nusu alipiga gitaa lisilotoa sauti, vidole vinapanda na kushuka, kichwa kinatikisika, anamtabasamia binti yake. Kwenye wimbo wa kufungia binti akainua simu, akamrekodi toka mwanzo hadi mwisho.

Wakati wa kufunga vyombo alisema jambo moja tu. "Leo umenipumzisha, Shemeji." Akampa ncha ya waya amsaidie kuukunja.

Baada ya hapo ndipo ikaja ile Jumapili ya kiti kitupu.

Kidole hakwenda kumuuliza. Wiki ya kwanza alikasirika: mtu mzima unasusa kama mtoto? Wiki ya pili alijikausha. Wiki ya tatu alitunga maneno ya kusema, mazuri, ya utani utani, akawa anayarudia mbele ya mashine ya fotokopi. Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, alifunga duka mapema akaelekea kwa dada yake. Alikuwa amefika kwenye duka la vyuma, nyumba sita kabla ya mlango wao, simu ilipolia. Shemeji ameanguka bafuni.

Alikaa hospitali siku mbili bila kufumbua macho. Kwenye benchi la nje ya wodi, dada mtu akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta, "Na ile ganzi ya vidole, daktari alishamwambia. Tangu mwaka jana. Anajichoma sindano kubwa ya makochi, anaona damu kwenye kitambaa ndipo anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema ukijua utampumzisha."

Kidole alisimama akaenda kunywa maji bombani, ingawa hakuwa na kiu.

Walimzika Jumamosi. Jumapili Kidole hakwenda hotelini, na Jumapili iliyofuata alikwenda, maana mkataba ni mkataba. Kitaa chini ya tone jekundu kikawaka kwa saa tatu kila wiki, miezi minane.

Mwezi wa nane baada ya mazishi binti akamwita nyumbani. Harusi ilikuwa imepangwa, ndogo, mchana, palepale kwenye bustani ya hoteli. Kidole alikaa kwenye kochi ambalo Shemeji hakulimaliza: mkono mmoja umevishwa kitambaa kipya cha buluu, mwingine sponji tupu. Mafundi wawili walishajitolea kulimalizia, dada akawafukuza kwa adabu.

"Mjomba, nina ombi," binti akasema. "Sitaki unipigie wakati naingia."

"Unataka nani, redio?"

"Nataka baba." Akaweka simu mezani, akaiunganisha na spika ndogo. "Hii hapa. Tutaitoa kwenye spika kubwa. Nitaingia na besi ya baba."

Akabonyeza. Wimbo wa kufungia ukajaa chumbani. Kwenye kioo cha simu Shemeji anapiga na shati lake jeupe, vidole vinatembea. Dada akafanya jambo ambalo ni wazi alikuwa akilifanya kila siku: akalaza kiganja juu ya meza, kuisikia besi kwa mkono.

"Miezi minane sijalala bila hii," binti akasema. "Sikiliza pale. Pale! Nani mwingine anapiga hivyo?"

Kidole alisikiliza. Aliijua kila noti ya besi ile. Ni besi ya mtindo namba kumi na nne uliomo ndani ya kinanda, na hata leo ukikiwasha utaipata ileile, noti kwa noti.

Wangeweza kuishi hivyo. Binti angeingia bustanini na besi ya mashine, akalia kwa furaha, mama yake akalaza kiganja, na siri ikabaki kwa mtu mmoja. Kidole aliliwaza hilo kwa urefu wa wimbo mzima. Ilimshinda pale mwisho wa rekodi, Shemeji anapoinua kichwa na kumwambia anayerekodi, "Imetosha, tupeni maji." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyefanya kazi.

"Hiyo si besi yake," Kidole akasema.

"Nini?"

"Niliwasha ya mashine. Alikuwa anachelewa, mgeni wenu yuko pale, nikaona aibu. Nikawasha. Yeye akafunga sauti ya gitaa. Hapo mnapomwona anapiga, hasikiki. Hakuna hata noti moja yake humo."

Binti alitazama simu, akamtazama mjomba wake, akarudi kwenye simu. "Vidole vinaenda sawa na sauti."

"Alijua besi ya mashine inaenda wapi. Akaifuata."

"Kwa hiyo miezi minane nimelala na kinanda." Hakupandisha sauti. "Mjomba, ulikuja msibani, ulikaa hapohapo, nikakuchezea hii, ukalia. Ulikuwa unalia nini?"

Kidole alimgeukia dada yake. Dada alikuwa bado kaweka kiganja mezani, ingawa meza ilishanyamaza.

"Siku ile alirudi akakaa kitandani na viatu," dada akasema. "Nikamuuliza, mkwe amekuonaje? Akaniambia, leo nimepiga vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyenisikia. Nikadhani ni utani wenu." Akaondoa mkono mezani, akaufuta kwenye kanga yake kana kwamba ulikuwa na vumbi. "Mdogo wangu, tone lile nililiweka mimi mwenyewe."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia." Akanyanyuka kwenda jikoni, wakasikia maji yanafunguliwa na hayafungwi.

Binti aliigeuza simu kioo chini. Kisha akauliza, "Noti zake za huu wimbo, zile zenyewe, unazijua?"

"Nazijua. Miaka kumi na minane alinipigia sikioni."

"Basi utazipiga wewe."

"Mimi si mpiga besi, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Kulikuwa na wiki saba. Alijaribu kwanza gitaa lenyewe, lile la msumarini. Nyuzi zilimkata, sauti ikatoka kama ya mtu anayeburuta meza. Akalirudisha. Ndipo akafungua kitabu cha maelekezo cha kinanda, ambacho alikuwa hajakifungua tangu kinunuliwe, akakuta jambo lililokuwepo siku zote: unaweza kuiambia mashine isome kordi kutoka mkono wa kulia. Hapo mkono wa kushoto unaachwa huru, unaupa sauti ya besi, unapiga mwenyewe. Ngoma na gitaa vinafuata mkono wa kulia. Ile njia ya mkato ya kidole kimoja inafanya kazi mkono wa kushoto tu, kwa hiyo upande wa kulia inabidi ubane kordi kamili, kwa vidole vyako vyote, kama Mungu alivyovigawa.

Alijifunza asubuhi kabla ya kufungua duka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea kubonyeza na kupumzika, kubonyeza na kupumzika. Kuutembeza ilikuwa kama kumwamsha mtu aliyestaafu. Ukienda huu, ule unasimama. Alitukana, akaomba msamaha kwa chumba kitupu, akarudia. Wiki ya tatu mikono ilianza kuzoeana.

Hapo likajitokeza jambo lingine. Zile ngazi za katikati, akizipiga sawasawa na ngoma, wimbo unakuwa mkavu, godoro jipya. Akizichelewesha kidogo, unakaa. Akizichelewesha zaidi kidogo, zaidi ya vile alivyodhani inafaa, unakaa vizuri zaidi. Alisimamisha mashine, akabaki ameshika kingo za kinanda. Mwaka ule mzima wa kuchelewa, ni kiasi gani kilikuwa ganzi, na ni kiasi gani kilikuwa Shemeji tu, anapiga anavyotaka? Mtu wa kumuuliza hayupo. Alijaribu kukumbuka, noti kwa noti, na kumbukumbu ikampa mara hivi, mara vile.

Wiki ya harusi alimwambia binti, "Kuna kitu kimoja. Kushoto kuna besi, kulia kuna kordi. Ile sauti ya juu haina mkono wa kuipiga."

"Ibaki hivyohivyo."

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu, watu kama sitini. Kidole aliweka kinanda mahali palepale, na kushoto kwake akaweka kile kiti cha jikoni, maana mwanamama wa trei alikuwa amekileta bila kuombwa, na Kidole hakuwa na moyo wa kukirudisha. "Leo sisemi kitu," akasema yule mwanamama, na kweli hakusema.

Binti akatokea mlangoni na mama yake, wameshikana mikono. Kidole akaanza. Kitaa chini ya tone jekundu kilikuwa kimezimwa. Mkono wa kushoto ukashuka, ukachelewa, ukashuka. Ulikuwa wimbo usio na kichwa, una miguu na tumbo tu, na wageni walitazamana, wakidhani muziki unajipasha moto. Walipofika nusu ya njia, dada yake akaanza kuijaza ile sauti ya juu. Hakuimba, alikuwa anavumisha, midomo imefungwa, anavyofanya akifua. Binti akamfuata. Yule kijana, ambaye sasa alikuwa bwana harusi, hakuujua wimbo. Safari hii hakutazama chini.

Kwenye ngazi za katikati, Kidole alikosea. Mkono wa kulia ulibana kordi isiyo yake, na mashine, kwa uaminifu wake uleule, ikaenda nayo, ngoma na gitaa na kila kitu. Alisubiri. Mwili wake wote ulisubiri, sekunde ile moja, kitu kitokee upande wa kushoto kije kumfuata huko alikoangukia. Hakikutokea. Besi ilikuwa ni mkono wake mwenyewe, nao ulikuwa umesimama juu ya noti ya zamani, haujui pa kwenda. Dada yake aliendelea kuvumisha mpaka akamrudisha.

Baadaye, watu wakila, dada alikuja akakaa kwenye kile kiti.

"Ulikosea pale katikati," akasema.

"Nilisikia."

"Na yeye pia alikuwa anakosea?"

Kidole akafikiri. "Mimi ndiye nilikuwa nakosea. Yeye alikuwa anakuja."

Dada akatikisa kichwa, akakaa naye mpaka chai ilipopoa. Hakusema amemsamehe, na Kidole hakurudia kuomba.

Siku hizi Jumapili Kidole anapiga peke yake bustanini, kuanzia saa saba. Mkono wa kulia unabana kordi, wa kushoto unapiga besi. Nyimbo zenye sauti ya juu amezipunguza, na bosi ameshalalamika mara moja. Kitufe cha rangi ya kucha kimezimwa. Kila wiki anakosea mara mbili au tatu, na makosa yanasikika.